Usikubali Kuambiwa "Ni Uzee Tu": Hotuba juu ya Viungo vya Zoloto

Maneno haya niliyasema mbele ya walimu wastaafu mkoani Tanga na jamaa zao. Wengi mlituma salamu kwamba hamkuweza kufika, kwa hiyo nayaweka yote hapa, isipokuwa picha nilizokuwa nikionyesha ukutani.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wangu, na ninyi wajukuu mliokuja kuwashika mkono: shikamooni.

Marahaba imetoka vizuri. Sasa naomba itoke tena, lakini safari hii kila mmoja aweke vidole viwili mbele ya shingo, hapo kwenye kikoromeo. Shikamooni! Mmesikia mtetemo? Haya, mezeni mate. Kimepanda, kimeshuka. Msitoe vidole bado.

Chini ya vidole hivyo lipo zoloto, kile kisanduku cha sauti, na humo mna viungo vinne. Sisemi misuli, sisemi mishipa. Nasema viungo hasa, vya jamii ile ile ya goti na kiwiko: ncha mbili zilizovikwa gegedu laini, mfuko unaozifunga pamoja, na ute wa kulainisha ndani ya mfuko. Viwili vikubwa kidogo ubavuni, viwili vidogo sana nyuma. Mmekuwa navyo tangu kuzaliwa, mmefundishia navyo miaka yote ile ya chaki na vumbi, na nadhani wengi wenu hamjawahi kutambulishwa kwavyo.

Nawauliza. Ni wangapi hapa wamewahi kumweleza daktari habari za goti? Naam, ukumbi mzima. Na ni wangapi wamewahi kumweleza habari za sauti? Naona mikono michache, na mmoja nadhani unafukuza inzi.

Kwa nini? Kwa sababu goti likiuma tunasema goti linauma. Sauti ikififia tunasema uzee. Mwalimu aliyenyamazisha darasa la watoto sitini kwa neno moja, leo anaomba maji ya kunywa na mjukuu anauliza, "Babu umesemaje?" Anaambiwa: ni uzee tu. Anapaliwa na chai kila asubuhi: ni uzee tu. Sauti imempwea tangu mfungo wa mwaka jana: ni uzee tu. Wazee wangu, mimi nimekuja kugombana na maneno hayo matatu.

Siwezi kugombana nayo bila kuwaonyesha kilichomo. Zoloto limejengwa kwa magegedu tisa, lakini leo nahitaji manne. La kwanza ni tairoidi, ndilo mnaloligusa. Kwa wanaume huchomoza zaidi. Chini yake kuna krikoidi, duara kamili, nyembamba mbele na pana nyuma, kama pete ya muhuri ambayo mwenyewe ameigeuzia muhuri nyuma. Juu ya ukingo wa huo muhuri zimekaa aritenoidi mbili, kulia na kushoto, vipande vidogo vyenye pande tatu. Kila aritenoidi imeshika mwisho wa nyuma wa uzi mmoja wa sauti. Miisho ya mbele ya nyuzi zote mbili imeshikizwa pamoja upande wa ndani wa tairoidi, na hapo haihami. Kwa hiyo kufungua njia ya hewa na kuifunga huamuliwa nyuma, pale aritenoidi inapokutana na krikoidi, kwenye eneo la milimita chache tu.

Vile viungo viwili vya ubavuni, kati ya tairoidi na krikoidi, kazi yake ni kuinamisha. Hebu gusieni kidole chini kidogo ya kikoromeo, mtafute kibonde kidogo. Sasa imbeni "mmm" mkianzia chini mkapanda juu. Kibonde kinajifunga, sivyo? Magegedu mawili yanasogeleana mbele, nyuzi zinavutwa, sauti inapanda. Sopurano wote wa kwaya wanaishi kwa viungo hivyo viwili.

Vile vya nyuma vina ufundi zaidi. Vitabu vingi vya zamani viliichora aritenoidi ikizunguka wima mahali pamoja. Sivyo inavyofanya hasa. Inabiringika kuelekea ndani na chini, na papo hapo inateleza juu ya ukingo wa krikoidi. Ikibiringika ndani, nyuzi zinakutana na unaweza kusema. Ikibiringika nje, njia inafunguka na unaweza kuvuta pumzi. Misuli ya kufunga iko kadhaa. Wa kufungua ni jozi moja peke yake. Na viungo hivi havipumziki. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kila pumzi huvisogeza kidogo. Pigeni hesabu, walimu wa hisabati mpo: hata tukichukua 15 kwa dakika, ni zaidi ya mara 21,000 kwa siku, usingizini na macho. Goti gani linafanya kazi hiyo?

Mnajua nani alifungua macho ya dunia kuyaona haya kwa mtu aliye hai? Mwalimu. Mwaka 1854, mjini Paris, Mhispania Manuel García, mwalimu wa uimbaji, alikuwa amechoka kufundisha kitu asichokiona. Hakuwa daktari. Alitafuta kioo kidogo cha daktari wa meno chenye mpini mrefu, akakipasha kwenye maji ya moto kisishike ukungu, akakikausha, akakiegemeza kwenye kimio chake mwenyewe. Kwa mkono wa pili akashika kioo kingine, akanasa jua na kulielekeza kinywani. Akaliona zoloto lake limefunguka wazi, mpaka sehemu ya bomba la pumzi kwa chini. Mwaka uliofuata maelezo yake yalisomwa mbele ya Royal Society, London, na baada ya miaka michache madaktari wakaichukua njia hiyo. Hadi leo nina kioo cha namna hiyo kwenye mkoba wangu, kwa siku ambazo umeme umekatika na kamera haifanyi kazi.

García alizaliwa 1805 akafa 1906. Alijichungulia koo akiwa na miaka 49, kisha akaishi mingine zaidi ya hamsini. Mimi huwa nawaza: laiti angejichora zoloto kila mwaka mpaka mwisho! Tungekuwa na jibu safi la swali tulilokuja nalo hapa. Uzee unafanya nini humo ndani?

Jambo la kwanza ni mfupa. Tairoidi na krikoidi, pamoja na sehemu kubwa ya aritenoidi, ni gegedu la aina ambayo polepole hugeuka mfupa. Haianzi uzeeni; huanza ujanani, tangu miaka ya ishirini na kitu, na kwa wanaume huenda mbali zaidi kuliko wanawake. Kidakatonge, kile kifuniko cha mlango wa zoloto, hakigeuki, kwa kuwa gegedu lake ni la aina nyingine, la kunyumbuka.

Kuna mzee mmoja, mvuvi aliyeacha bahari, aliyeletwa usiku akiapa kwamba mwiba wa changu umemkwama. Akapigwa picha ya eksirei, na kweli, shingoni kuna mstari mweupe umesimama. Kijana wa zamu akafurahi kama aliyeshinda bahati nasibu. Tulipoingiza kamera hatukukuta mwiba, tulikuta mchubuko mdogo uliokuwa ukimdanganya mzee. Ule mstari mweupe? Ni gegedu lake mwenyewe lililokuwa limeshageuka mfupa. Makosa ya namna hii yanajulikana sana katika fani yetu, na ndiyo maana picha peke yake haitoshi kumpeleka mtu wa miaka sabini chumba cha upasuaji kutafuta mwiba.

Je, kugeuka mfupa kunachukua sauti? Kwa kiasi kikubwa, hapana. Kinachotetemeka si gegedu. Kunachofanya ni kulifanya zoloto lipasuke kirahisi zaidi likipigwa. Mzee akianguka na bodaboda, shingo ikagonga usukani, asiachwe alale nyumbani kwa kuwa "hana jeraha la nje". Sauti ikibadilika baada ya kipigo cha shingo, aende hospitali usiku ule ule.

Jambo la pili ndilo la viungo vyenyewe, na hapa nitakwenda taratibu. Ukichukua kiungo cha aritenoidi cha mtu mwenye umri mkubwa ukakiweka chini ya hadubini, gegedu la juu mara nyingi limekwaruzika. Lilikuwa laini, sasa lina nyufa ndogo ndogo, mahali pengine limekuwa jembamba. Ni uchakavu ule ule wa goti. Kinachotofautiana ni mzigo: goti linabeba kilo zako zote, aritenoidi haibebi uzito wa mtu. Kwa hiyo uchakavu wake mara nyingi hauumi, wala mwenyewe hajui. Kinachopotea ni usahihi. Kufunga nyuzi za sauti ni kazi ya kulenga, na kiungo kilichokwaruzika hulenga vibaya kidogo. Sauti inayumba katikati ya sentensi, inachelewa kuanza, inachoka jioni.

Wenzangu katika fani hawakulipa jambo hili uzito mmoja. Wapo wanaoona uchakavu wa kiungo una sehemu kubwa katika sauti ya uzeeni, na wapo wanaoona sehemu hiyo ni ndogo. Mimi, kwa niliyoyaona, niko karibu na kundi la pili. Sauti ya uzeeni naidai kwanza kwenye misuli ya nyuzi, ambayo hupungua unene, ili zikikutana zinaacha uwazi katikati na pumzi inavuja. Halafu kwenye utando wa juu, ambao hukauka. Halafu kwenye kifua, ambacho hakisukumi hewa kwa nguvu ya zamani. Kiungo nakiweka nyuma ya hao. Ndiyo sababu, kwa kawaida, sauti ya mwanamume ikizeeka hupanda kidogo, na ya mwanamke hushuka baada ya kukoma hedhi. Hilo ni la nyama na utando kuliko kiungo.

Lakini sikilizeni sana hapa, walimu wangu. Nimesema uchakavu wa umri hauumi. Nimesema unakuja polepole. Sikusema kwamba viungo hivi havipati ugonjwa. Vinapata, na ugonjwa wake mkubwa mnaujua kwa jina: baridi yabisi. Ile ile inayopinda vidole.

Kuna mama mmoja muuza vitenge, vidole vyake vilishapinda kitambo, na kwa vidole ameshazoea dawa. Alikuja kwangu kwa jambo jingine. Kila akiamka sauti haitoki mpaka inapofika kama saa nne asubuhi. Akimeza, maumivu yanakimbilia sikioni. Anahisi kuna kitu kimekaa kooni, hakipandi hakishuki. Nyumbani walimtibu mafindofindo. Akasukutua chumvi, akanywa tangawizi, akafunga shingo kwa kanga. Mtu wa miaka sitini, mafindofindo miezi mitatu! Nilipochungulia, aritenoidi zote mbili zilikuwa nyekundu, zimevimba, na zinajivuta kwa uvivu. Kiungo cha zoloto kilikuwa kimewaka sawasawa na vya vidole, ila hakuna aliyekihesabu miongoni mwa viungo. Dawa za baridi yabisi ziliporekebishwa, sauti ya asubuhi ilirudi.

Ugonjwa ule si wa uzee. Mara nyingi huanza umri wa kati, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Umri unachofanya ni kuupa muda. Miaka ikipita, kiungo kinaweza kuganda kabisa. Kikiganda kimoja, sauti inakwaruza. Vikiganda vyote viwili huku nyuzi zimekaribiana, sauti yaweza kuwa nzuri tu, lakini pumzi haipiti. Mtu anavuta hewa kwa mlio, hasa akipanda ngazi au akilala. Wengi wanaambiwa wana pumu. Pumu kwa kawaida hulia hewa ikitoka; huu hulia hewa ikiingia. Mkisikia mlio huo kwa mtu mwenye baridi yabisi, msingoje kliniki ya Jumatatu.

Na mwenye baridi yabisi anayekwenda kufanyiwa upasuaji wowote, hata wa mtoto wa jicho au ngiri, amwambie mtu wa nusukaputi mapema: nina baridi yabisi, na sauti yangu hubadilika. Ule mpira wa kupumulia unapita katikati ya aritenoidi. Kama viungo vimebana, au kama shingo na taya navyo vimeguswa, mtaalamu atajiandaa kwa njia nyingine. Akiambiwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji, amechelewa kuambiwa.

Nije kwenye upande mmoja. Uzee peke yake hausimamishi uzi mmoja wa sauti huku mwingine unacheza. Narudia, maana hili ndilo ningependa mlichukue hata kama mtasahau majina yote ya magegedu: uzee peke yake hausimamishi uzi mmoja. Sauti iliyokuwa nzima sikukuu ya Idi na ikawa upepo mtupu wiki mbili baadaye, huo si uzee.

Karne ya 2, mjini Roma, tabibu Galen aliwaonyesha watu jambo kwa nguruwe aliye hai. Nguruwe analia kwa nguvu zote. Galen akakamata mishipa ya fahamu myembamba kandokando ya bomba la pumzi, akaibana. Nguruwe akaendelea kufurukuta, kinywa wazi, kimya. Ukatili, nakubali, lakini ndipo ilipojulikana kwamba sauti inatawaliwa na mshipa, na kwamba mshipa huo una njia ya ajabu: unashuka kutoka kichwani, unalipita zoloto, unaingia kifuani, kisha unageuka na kupanda tena. Wa kulia unapinda chini ya mshipa mkubwa wa damu unaokwenda mkononi. Wa kushoto unakwenda mbali zaidi, unapinda chini ya mshipa mkuu unaotoka moyoni. Kwa hiyo uvimbe kwenye pafu la kushoto, au mshipa mkuu uliotanuka, unaweza kujitangaza kwanza kwa sauti. Mgonjwa anadhani ana koo, kumbe ana kifua.

Tutajuaje kama uzi umesimama kwa sababu mshipa wa fahamu umekatika au kwa sababu kiungo kimeganda? Kwa kamera vinafanana. Njia ya kale bado ni nzuri: mgonjwa akiwa nusukaputi, tunaigusa aritenoidi kwa kifaa na kuisukuma. Ikisogea, kiungo ni kizima na kosa liko kwenye mshipa. Isiposogea, kiungo kimegoma. Matibabu ya haya mawili hayafanani hata kidogo.

Na wavuta sigara, nyinyi mna hesabu yenu peke yenu. Sauti ya kukwaruza kwa mvutaji ni saratani mpaka ithibitike vinginevyo. Ndivyo tunavyofikiri, na hatuombi radhi. Kifua kikuu nacho hukaa kwenye zoloto. Wiki tatu za sauti iliyopwea bila mafua, nne kwa wenye subira: uchunguliwe koo.

Msinielewe kwamba kila sauti ya kizee ni mgonjwa. Nani hapa hakuwahi kumsikia Bi Kidude wa Unguja? Mwaka wake wa kuzaliwa hakuna aliyeujua kwa hakika, naye mwenyewe hakuhangaika nao. Alipopewa tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005 alikuwa ajuza, na bado alikuwa akisimama na ngoma yake mbele ya umati. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Sauti ile ilikuwa nzito, imekwaruzika, ya mtu aliyeishi sana, lakini iliingia pale alipoitaka, ikatoka pale alipoitaka. Sauti ya kizee inayomtii mwenyewe haina haja ya daktari. Isiyomtii ndiyo ninayoitafuta.

Nimalizie na kumeza, maana ndiko wazee wanakodhurika zaidi, ingawa kunazungumzwa kidogo. Ukimeza, zoloto lote linapanda, aritenoidi zinainama mbele mpaka zinagusa shina la kidakatonge, na mlango unafungwa. Uzeeni zoloto hukaa chini zaidi shingoni, linachelewa kupanda, na aritenoidi zinachelewa kuinama. Kuchelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde kunatosha kwa maji kuingia kusikokwao. Maji ndiyo mabaya, kwa kuwa yanakimbia. Uji mzito unasubiri. Na wengine hawapaliwi kwa kishindo, kikohozi chao kimelala. Maji yanawashuka kimya kimya mapafuni, wanapata homa ya mapafu, wanatibiwa, wanarudi. Ninyi wajukuu, angalieni hili: sauti inayokuwa na majimaji baada ya kunywa, homa ya mapafu inayorudi ndani ya mwaka, chakula kinachochukua saa nzima. Mzee aketi wima, ameze kidogo kidogo, asiulizwe habari za shamba akiwa na tonge mdomoni. Asilazwe chali mara baada ya kula.

Kwa sauti yenyewe, mazoezi yapo na yanasaidia misuli: kuimba "mmm" taratibu kutoka chini kwenda juu, kupuliza sauti kupitia mrija uliozama kwenye glasi ya maji, kusoma gazeti kwa sauti kila siku. Acheni kukwangua koo kwa "ehem" za mfululizo. Acheni pia kunong'ona ili "kupumzisha" sauti. Wengi wakinong'ona wanajibana zaidi. Wachache wanahitaji sindano ya kujaza uzi uliosinyaa, na hiyo hufanyika hospitali kubwa.

Mkienda hospitali nendeni na majibu: sauti ilibadilika lini, ghafla au polepole, inakuwa mbaya asubuhi au jioni, unapaliwa na maji au na chakula, umefanyiwa upasuaji gani wa shingo au kifua, una baridi yabisi, umevuta sigara miaka mingapi. Mkiulizwa umri, utajeni. Mkiambiwa "ni uzee tu" kabla mtu hajachungulia kooni, muulizeni kwa adabu zote za ualimu: umeonaje?

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Maswali nayapokea, ila naomba walio karibu na lile feni watusaidie kulizima, walio nyuma wasilazimike kupiga kelele.